Mwongozo wa Msumeno wa Mnyororo kwa Mkulima wa Miti

Msumeno wa mnyororo ni mashine ndogo ya petroli inayozungusha cheni yenye meno juu ya bamba refu la chuma. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kuanzia Mufindi na Kilolo hadi Njombe na Makete, familia nyingi hupanda misindano na mikaratusi kuwa akiba ya ada za shule na ujenzi, na msumeno huu ndio unaougeuza mti uliosimama kuwa gogo la mbao, nguzo, mirunda au kuni. Kazi iliyowachosha watu wawili asubuhi nzima kwa msumeno wa mkono, msumeno huu huimaliza kwa dakika chache. Lakini cheni inayokwenda kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde haimpi mtu nafasi ya kusahihisha kosa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi njema ya msumeno hufanyika injini ikiwa imezimwa: katika kunoa meno, kuchanganya mafuta, kuukagua mti na kufyeka njia ya kuondokea.

Kuchagua mashine

Ukubwa wa injini huandikwa kwa cc. Kwa kupogoa, kukata kuni na kuangusha miti ya kawaida ya shambani, injini ya cc 40 hadi 50 yenye bamba la sentimita 35 hadi 45 inatosha. Mashine za cc 60 na kuendelea, zenye bamba la sentimita 50 au zaidi, ni za magogo manene na mikono iliyozoea. Bamba refu kwenye injini ndogo huichosha injini na kumchosha mkataji, tena huongeza uwezekano wa ncha kugonga kitu asichokiona.

Kabla ya kununua, hasa mashine iliyotumika, hukaguliwa vitu vinne. Kwanza ni breki ya cheni, ule mkono wa mbele unaosukumwa ili cheni isimame papo hapo. Pili ni kifungo cha usalama juu ya mpini wa nyuma, ambacho kisipobonyezwa mafuta hayaongezeki. Tatu ni kishika cheni, kipande kidogo chini ya mashine kinachoizuia cheni iliyokatika isimpige mkataji. Nne ni swichi ya kuzimia, ambayo lazima izime kweli. Mashine iliyopungukiwa na kimojawapo haifai hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Upatikanaji wa spea katika mji wa karibu nao ni sehemu ya bei, kwani mashine ngeni isiyo na cheni wala plagi madukani hulala stoo msimu mzima.

Wakulima wengi hutaka msumeno huohuo uwapasulie mbao. Inawezekana, lakini kila mpasuo hula karibu sentimita moja ya mti, na mkono ukiyumba mbao hutoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Magogo yakiwa mengi, mashine za kupasulia zinazozunguka vijijini, kama zile zinazoitwa dingdong, huacha mbao nyingi zaidi na pumba kidogo.

Mafuta na oili

Injini ya msumeno haina oili yake ndani kama injini ya gari. Oili inayoilainisha huingia pamoja na petroli, kwa hiyo petroli tupu huikwangua pistoni na kuua injini kwa muda mfupi sana. Oili inayotumika ni ile iliyoandikwa 2T kwenye kopo. Mashine nyingi za sasa hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 20 kwa kila lita, au mililita 100 kwa dumu la lita 5. Zipo zinazotaka sehemu 25 kwa 1, ambayo ni mililita 40 kwa lita. Kipimo sahihi ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, nacho hupimwa kwa chupa yenye alama, si kwa kukadiria kwa kifuniko cha soda.

Mchanganyiko hufanywa katika dumu safi, kamwe si ndani ya tangi la mashine. Hutiwa nusu ya petroli, kisha oili yote, hutikiswa, halafu humaliziwa petroli iliyobaki na kutikiswa tena. Dumu hutikiswa kila mara kabla ya kujaza. Mafuta yaliyochanganywa yasikae zaidi ya mwezi mmoja, kwa sababu petroli huchacha na oili huacha utando kwenye kabureta. Kujaza hufanyika injini ikiwa imezimwa na kupoa kidogo, mahali pasipo na sigara wala moto, na mashine huwashwa angalau mita 3 kutoka pale ilipojaziwa. Wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka, ekzosi ya moto iliyowekwa chini inaweza kuunguza shamba zima la misindano.

Tangi la pili ni la oili ya cheni. Watu wengi hutia humo oili chafu iliyomwagwa na mafundi wa magari. Oili hiyo imejaa vumbi la chuma linalokula pampu na bamba, ni nyepesi hivyo hurushwa yote kabla ya kulainisha, na ni sumu kwa ngozi na udongo. Oili mpya inayonatana kwenye cheni ndiyo inayofaa. Tangi hili hujazwa kila mara tangi la mafuta linapojazwa. Ili kujua kama pampu inafanya kazi, ncha ya bamba huelekezwa juu ya kisiki cheupe au gazeti, bila kugusa, na injini hupigwa resi. Mstari mwembamba wa matone ya oili ukionekana, cheni inalainishwa.

Cheni na kunoa kwake

Meno ya cheni za leo yamejipinda, moja likitazama kulia na linalofuata likitazama kushoto. Umbo hilo lilibuniwa na Joseph Cox, mkata magogo wa Oregon, Marekani, katika miaka ya 1940, baada ya kumtazama buu wa mbawakawa akitafuna mti kwa taya zake, upande huu na upande ule. Jino halikati kwa kusugua bali kwa kuchonga kama randa, na hapo ndipo mkataji anapozipata dalili za makali. Cheni kali hutoa chembe nene zilizo kama vipande vidogo vya karatasi. Cheni butu hutoa unga, hutoa moshi hata oili ikiwapo, na humlazimisha mkataji kuikandamiza mashine. Mkataji anayekandamiza huchoka, na mikono iliyochoka huishika mashine vibaya. Cheni butu kwa hiyo ni hatari kuliko kali.

Kunoa hufanywa kwa tupa ya duara inayolingana na cheni. Cheni ya 3/8 ya kawaida hutumia tupa ya milimita 5.2, ile ya .325 hutumia ya milimita 4.8, na ile ndogo ya 3/8 ya mashine nyepesi hutumia ya milimita 4. Bamba hubanwa kwenye jiliwa au kwenye ufa uliokatwa juu ya kisiki, na breki hufungwa ili cheni isitembee. Jino lililoharibika au kuchakaa kuliko yote huwa la kwanza, kwa kuwa urefu wake ndio kipimo cha mengine. Tupa huwekwa kwenye pembe ya nyuzi 30, pembe ambayo watengenezaji wengi huichora kama mstari juu ya jino, huku sehemu ndogo ya unene wake, kama moja ya tano, ikiwa imechomoza juu ya jino. Husukumwa mbele tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, na kuinuliwa wakati wa kurudi. Misuguo miwili au mitatu inatosha ikiwa cheni haijaachwa ikafa kabisa. Ukingo uliokuwa butu hung'aa kama uzi mweupe unapopigwa na mwanga. Uzi huo ukitoweka, jino limepata makali. Meno yote ya upande mmoja humalizwa kwanza, kisha mashine hugeuzwa na kufanywa ya upande wa pili kwa idadi ileile ya misuguo. Upande mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, msumeno hukata kwa kupinda.

Mbele ya kila jino kuna nundu ndogo inayopima jino lizame kiasi gani. Kwa cheni nyingi nundu hiyo huwa chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Baada ya kunoa mara kadhaa jino hushuka, na nundu hushushwa nayo kwa tupa bapa na kipimo chake maalumu. Nundu ikibaki juu, msumeno hauli mti hata ukinolewa. Ikishushwa kupita kiasi, meno hukamata kwa nguvu na mashine hurusha.

Kukaza kwa cheni huangaliwa injini ikiwa baridi. Cheni ikivutwa juu katikati ya bamba, vijino vyake vya chini visitoke nje ya mfereji, na bado iweze kuzungushwa kwa mkono uliovaa glavu. Cheni mpya hurefuka haraka, hivyo hukaguliwa kila baada ya dakika chache siku ya kwanza. Iliyokazwa ikiwa ya moto hulegezwa kazi inapokwisha, kwani ikipoa hujivuta na inaweza kupinda ekseli.

Mavazi na kushika mashine

Mavazi ya kazi ni kofia ngumu, kinga ya macho au wavu wa uso, vizibo vya masikio, glavu, buti zenye ncha ya chuma na suruali maalumu yenye nyuzi ndefu ndani, ambazo zikiguswa na cheni huchomoka na kuisimamisha. Sauti ya msumeno huzidi desibeli 100, kiwango kinachoharibu usikivu taratibu bila maumivu. Suruali ya namna hiyo ni ghali, lakini mguu wa kushoto ndio unaokatwa mara nyingi, na mfumuko wa bei haujawahi kuufanya mguu kuwa rahisi kuliko suruali. Shati pana, shuka, kanzu, kandambili na skafu inayoning'inia havina nafasi karibu na cheni.

Hatari kuu ni mrusho wa nyuma. Robo ya juu ya ncha ya bamba ikigusa gogo, tawi au kisiki, bamba zima hurushwa juu na nyuma kuelekea uso wa mkataji kwa kasi isiyozuilika kwa mkono. Kinga ni kuijua ncha ilipo wakati wote, kushika kwa mikono miwili na kidole gumba cha kushoto kikiuzunguka mpini wa mbele kwa chini, kusimama kidogo kushoto kwa mstari wa bamba, na kutokata kitu kilicho juu ya mabega. Ngazi na msumeno wa mnyororo havikai pamoja.

Mashine huwashwa ikiwa chini, breki imefungwa, ncha ya buti la kulia ikiwa ndani ya mpini wa nyuma na mkono wa kushoto umeukandamiza mpini wa mbele. Kuiachia mashine ianguke huku kamba ikivutwa ni mazoea yaliyoenea, nayo huacha mashine ikiwa imewaka mikononi mwa mtu asiyekuwa na mshiko.

Hakuna anayefanya kazi hii peke yake. Mwenzake huwa mbali ya kutosha kuwa salama na karibu ya kutosha kusikia, akiwa na simu yenye chaji, kitambaa safi kinene cha kukandamizia jeraha, na jina la mtu mwenye gari au pikipiki.

Kuukagua mti na kupata ruhusa

Mti wa kupandwa kwenye shamba binafsi una taratibu zake, na mti wa asili una taratibu nyingine. Nchini Tanzania Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaipa hifadhi miti ya thamani kama mpingo, mninga na mvule, na kuikata huhitaji leseni. Ofisi ya misitu ya wilaya au Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ndipo pa kuuliza kabla ya kukata na kabla ya kusafirisha, kwa kuwa mbao na magogo yakiwa barabarani huhitaji hati ya kusafirishia. Kando ya mito na vyanzo vya maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60. Nchini Kenya mwenye mti huanzia kwa Kenya Forest Service. Mpaka wa shamba nao huangaliwa na jirani akiwapo, kabla mti wa mpakani haujaanguka na kuwa kesi ya baraza la kijiji.

Kisha mti wenyewe huzungukwa na kutazamwa kutoka pande zote. Huulizwa umeinamia wapi, taji lake lina matawi mengi upande gani, upepo unatoka wapi na mteremko unaelekea wapi. Shina hugongwa kwa kisogo cha shoka: mlio mzito na mkavu ni wa mti mzima, mlio wa ngoma ni wa mti ulio na uwazi. Uyoga kwenye mizizi, njia za mchwa na majimaji yanayochuruzika ni dalili za kuoza ndani. Juu huangaliwa matawi makavu, mzinga wa nyuki, na mitambaazi inayoufunga mti huu na jirani yake. Mti unaoweza kuangukia waya wa umeme haukatwi na mkulima. Kazi hiyo ni ya shirika la umeme, ambalo huzima laini kwanza.

Urefu wa mti hupimwa kwa fimbo. Mkono hunyooshwa mbele, na fimbo hushikwa wima ili sehemu iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali kutoka jicho hadi ngumi. Kwenye ardhi tambarare, mpimaji hurudi nyuma hadi kitako cha mti kionekane kwenye ngumi na ncha ya mti kwenye ncha ya fimbo. Umbali kutoka miguu yake hadi kwenye mti unakaribia urefu wa mti. Eneo la hatari ni mara mbili ya urefu huo kila upande, hivyo mti wa mita 20 huhitaji mita 40 zisizo na mtu wala mfugo. Watoto na akina mama wanaosubiri matawi ya kuni huingia mara tu mti unapogusa chini, kwa hiyo mtu mmoja huwekwa njiani kuwazuia mpaka mkataji mwenyewe atoe ruhusa.

Mwisho hufyekwa njia mbili za kuondokea, zote kwa mshazari kuelekea nyuma, moja kulia na moja kushoto ya upande utakaoangukiwa. Nyuma kabisa ya kisiki si mahali salama, kwani shina huweza kuruka nyuma likiwa linaanguka.

Kuangusha

Mti huangushwa kwa mikato mitatu. Miwili ya kwanza hufanya pengo la mwelekeo upande ule mti utakapoangukia. Mkato wa juu hushuka kwa mshazari hadi robo ya kipenyo cha shina, na mkato wa chini, ulio mlalo, hukutana nao barabara. Pengo huwa na upana wa angalau nyuzi 45. Likiwa la nyuzi 60 hadi 70 huuongoza mti karibu hadi chini. Mkato mmoja ukipita mwingine, hata kidogo, bawaba hudhoofika na mti huenda unakotaka wenyewe.

Mkato wa tatu hutoka nyuma, sentimita 2 hadi 5 juu ya usawa wa mkato mlalo, lakini haufiki kwenye pengo. Huachwa utepe wa mti usiokatwa, unaoitwa bawaba, wenye unene wa moja ya kumi ya kipenyo na ulio sawa kutoka mwisho hadi mwisho. Kwa mti wa sentimita 40, pengo huingia kama sentimita 10 na bawaba huwa sentimita 4. Bawaba ndiyo inayoushikilia mti na kuuongoza uanguke polepole kuelekea upande uliochaguliwa. Mkataji anayeimaliza kwa haraka ameukata usukani.

Mara tu mkato wa nyuma unapoacha nafasi, hupigwa kabari ndani yake ili mti usikae nyuma na kuubana msumeno. Kabari huwa ya mti mgumu au ya plastiki. Ya chuma ikiguswa na cheni huvunja meno. Mti unapoanza kulia na ufa kufunguka, msumeno huchomolewa, breki hufungwa, na mkataji huondoka kwa njia aliyoifyeka, macho yakiwa juu. Hurudi pale matawi yaliyokwama kwenye miti ya jirani yanapokuwa yametulia.

Miti ya aina mbili huhitaji fundi mwenye mafunzo. Wa kwanza ni ule ulioinama sana mbele: ukikatwa kwa kawaida, shina hupasuka kwa wima na kipande cha nyuma huruka juu kumpiga mkataji. Wa pili ni ule uliolala juu ya mti mwingine. Chini yake hapapitwi, mti unaoubeba haukatwi, na hapandi mtu kuutikisa. Eneo huzungushiwa alama, na mti huvutwa kitako chake kwa kamba ndefu au trekta kutoka mbali.

Matawi na vipande

Mti ukiwa chini bado una nguvu ndani yake. Mkataji husimama upande wa juu wa mteremko, shina likiwa kati ya mguu wake na cheni, na kusafisha matawi kuanzia kitakoni kuelekea kileleni. Matawi ya chini yanayoliinua shina huachwa mpaka mwisho.

Kukata vipande huanza kwa kuona upande uliobanwa na upande uliovutwa. Gogo lililoegemea ncha zote mbili hubanwa juu na kuvutwa chini, hivyo hukatwa kutoka juu hadi theluthi moja, kisha humaliziwa kutoka chini. Gogo lenye ncha inayoning'inia ni kinyume chake: theluthi ya kwanza kutoka chini, mwisho kutoka juu. Mkato unaoanzia upande uliobanwa, usiozidi theluthi, huuacha msumeno huru. Gogo huinuliwa kwa vipande vya mti ili cheni isiguse ardhi, kwani mchanga huua makali kwa sekunde moja.

Mbao nchini Tanzania huuzwa kwa inchi na futi, na urefu uliozoeleka ni futi 12, sawa na mita 3.66. Gogo huachwa na ziada ya sentimita chache ili ncha zilizopasuka zikatwe bila kupoteza futi nzima. Fimbo iliyokatwa kwa urefu huo na kupakwa rangi ncha zake hupima haraka na kwa usawa kuliko hatua za miguu.

Kupogoa mti uliosimama

Tawi zito likikatwa kwa mkato mmoja kutoka juu, huvunjika kabla ya mkato kwisha na kuchuna ganda la shina. Hivyo hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza hutoka chini, sentimita 20 hadi 30 kutoka shinani, hadi theluthi ya tawi. Wa pili hutoka juu, mbele kidogo ya wa kwanza, na tawi huanguka. Wa tatu huondoa kigutu kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe ambapo tawi hutokea shinani. Uvimbe huo ndio unaofunika kidonda. Ukikatwa pamoja na tawi, mti huoza, na kigutu kirefu kikiachwa, huoza vilevile. Kidonda safi huachwa wazi bila rangi wala lami.

Misindano hupogolewa ili shina la chini litoe mbao zisizo na mafundo. Kazi hufanyika wakati wa kiangazi, na angalau nusu ya urefu wa mti huachwa na matawi yake ya kijani. Mikaratusi hujipogoa yenyewe. Migrevilea ya kwenye kahawa na mahindi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya, hupogolewa ili mwanga uyafikie mazao na jiko lipate kuni. Miembe na miparachichi hupogolewa baada ya mavuno. Kwa matawi membamba msumeno wa mkono ni bora, na hupanguswa kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuhamia mti mwingine.

Kisiki

Msindano haurudi, mahali pake hupandwa mche mwingine mvua zikianza. Mkaratusi huchipua kutoka kisikini, kwa hiyo hukatwa sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, kwa mshazari kidogo ili maji yasituame, kwa cheni kali isiyochana ganda. Matawi yaliyolala juu ya kisiki huondolewa. Machipukizi yakifika kama mita 2 hupunguzwa na kubaki moja hadi matatu, yaliyonyooka na kushika vizuri upande unaopigwa na upepo. Mkulima anayetaka nguzo huacha moja. Anayetaka fito na kuni huacha matatu.

Matunzo ya mashine

Kila jioni pumba husafishwa kwa brashi kwenye kifuniko cha cheni, mapezi ya silinda na tundu la oili kwenye bamba. Kichujio cha hewa hukung'utwa, na kikishika grisi huoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa kabisa. Bamba hugeuzwa juu chini kila cheni inapobadilishwa ili pande zake zichakae sawasawa, na mfereji wake hukwanguliwa.

Plagi hueleza hali ya injini. Rangi ya kahawia ni afya. Weusi wenye unyevu ni dalili ya oili nyingi au kichujio kilichoziba. Weupe ni dalili ya joto kali, na mashine husimamishwa hadi fundi aangalie kabureta. Nafasi ya ncha za plagi kwa mashine nyingi ni milimita 0.5. Mashine iliyovutwa mara nyingi na choki ikiwa imefungwa hujaa mafuta: plagi hufunguliwa na kukaushwa, kamba huvutwa mara kadhaa plagi ikiwa nje, kisha hurudishwa na mashine huwashwa bila choki.

Mashine itakayokaa zaidi ya mwezi humwagwa mafuta na kuwashwa mpaka izime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Cheni hupakwa oili, bamba huvishwa ala yake, na mashine huhifadhiwa mahali pakavu, mbali na jiko na mbali na mikono ya watoto. Cheni hunolewa kabla ya kuwekwa, ili siku ya kazi inayofuata ianze na makali.